Bunduki ya vigololi inaweza kupofusha

Kila Idi pale Kariakoo utamsikia mzazi akishika bunduki ya plastiki ya kurusha vigololi, iliyofanana na zile za filamu za mapigano: "Ya bei rahisi hii, haimuumizi mtoto." Hapana, ndugu yangu. Hata ile inayotumia springi, ukikoki, pistoni inasukuma hewa na kigololi cha milimita 6 kinachomoka. Chenye gramu 0.2 kikienda mita 100 kwa sekunde kinabeba nishati ya juli 1 (juli ni kipimo cha nishati). Kwenye paja kinaacha alama nyekundu; kwenye jicho kinaweza kuvujisha damu ndani, mtoto akapoteza uwezo wa kuona. Miwani ya jua haitoshi, kioo chake chaweza kupasuka. Mnunulie miwani ya kinga kwanza. Ncha ya rangi ya chungwa kwenye mtutu, inayotakiwa na sheria ya Marekani, inaonyesha tu kwamba si silaha ya moto, si kwamba ni salama.