Rowan Atkinson si Mr. Bean: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukipanda basi la mikoani na kondakta akaweka Mr. Bean, macho yote yanahamia kwenye skrini. Mtoto anacheka, mzee anacheka, na hakuna anayemwuliza jirani yake "kasemaje?" Umaarufu wa namna hiyo una hasara yake: mhusika anammeza mwigizaji. Bean tunamjua kama mtu wa mtaani kwetu. Rowan Atkinson mwenyewe, aliyezaliwa Consett, kaskazini mashariki mwa Uingereza, tarehe 6 Januari 1955, wengi wetu tunamjua kwa porojo tu.

"Yule ni bubu, kazi yake ni kukunja uso"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na ndiyo inayowashangaza Waingereza wenyewe. Kwao, Atkinson alijulikana kwa ulimi kabla ya kujulikana kwa uso. Alianza kutamba BBC mwaka 1979 katika Not the Nine O'Clock News, kipindi cha kuchekesha kwa kukejeli habari na wakubwa. Kisha ikaja Blackadder, misimu minne kati ya 1983 na 1989. Humo anaigiza Edmund, mtu mjanja, mwenye dharau na maneno makali, akimtukana mtumishi wake Baldrick kwa matusi yaliyopangwa vizuri utadhani ni mashairi. Kila msimu uko katika zama zake, na wa mwisho uko kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika dakika za mwisho Edmund na wenzake wanaamriwa watoke kwenye handaki na kuzikabili bunduki za Wajerumani. Picha inakwenda polepole, moshi unatanda, uwanja wa vita unageuka shamba la maua mekundu. Kichekesho kizima kinaishia hapo, bila kicheko. Aliyemwona Atkinson mule hawezi kumwita mtu wa kukunja uso.

Hata Bean si bubu. Anaongea kwa sauti nzito ya kukwama kooni, neno moja moja, na akiulizwa jina hujibu "Bean". Tazama ile sehemu ya kwanza kabisa, iliyorushwa na televisheni ya ITV ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, anapoingia kanisani. Wimbo unaanza, yeye hana kitabu, jirani yake hataki kumwonyesha cha kwake. Basi anamung'unya maneno yasiyoeleweka, anainamisha kichwa, anasubiri. Ikifika "Haleluya" anainuka na kuipiga kwa sauti ya kutikisa dari, kwa sababu hilo ndilo neno pekee analolijua. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuhudhuria ibada ya wageni asiyemwelewa hapo.

Kinachostahili kujulikana zaidi ni kwamba Atkinson ana kigugumizi. Baadhi ya herufi humsumbua, hasa B, na ule mtindo wake wa kuitamka herufi kwa mkazo uliopitiliza, ambao mashabiki wa Blackadder wanauiga hadi leo, ni njia yake ya kuvuka kikwazo. Amewahi kueleza kwamba akivaa uhusika, kigugumizi humwachia. Na ukimya wa Bean ulikuwa uamuzi wa kazi. Mwaka 1987, kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, aliomba apangwe kwenye jukwaa la wanaozungumza Kifaransa. Waandaaji walishangaa. Yeye alitaka kujua kama mhusika huyu anaweza kumchekesha mtu asiyejua Kiingereza. Jibu lake ndilo lile basi la mikoani.

"Vipindi vyake havina idadi"

Vipindi vya Mr. Bean vina idadi, na ni ndogo mno: sehemu 15 tu, zilizotengenezwa hadi mwaka 1995, kila moja dakika 25 hivi. Ukianza kutazama baada ya kifungua kinywa, unazimaliza kabla jua halijazama. Zinaonekana nyingi kwa sababu vituo vya televisheni havijaacha kuzirudia, na baadaye zikaongezeka filamu mbili (1997 na 2007) na katuni zilizoanza mwaka 2002.

"Hakusoma huyo"

Ana shahada ya uhandisi wa umeme kutoka Chuo Kikuu cha Newcastle, halafu mwaka 1975 akaenda Oxford, chuo cha Queen's, kusomea shahada ya uzamili katika fani hiyo hiyo, akaipata. Huko Oxford ndiko alikokutana na Richard Curtis, waliyeandika naye Blackadder na Bean, na Howard Goodall, aliyetunga muziki wa vipindi hivyo. Zile namba za kustaajabisha za "kiwango cha akili" chake zinazozungushwa kwenye WhatsApp zipuuze, hazina chanzo.

Uhandisi haukumtoka. Ana leseni ya kuendesha lori lenye tela tangu 1981. Wakati sisi tunamwona kwenye kile kigari cha Mini kinachofungwa kwa kufuli, yeye nyumbani alikuwa na McLaren F1 aliyoinunua 1997 kwa pauni 640,000. Mwaka 2011 aliigonga kwenye mti, ikashika moto, akaumia bega. Bima ikalipa zaidi ya pauni 900,000 kuitengeneza, na mwaka 2015 akaiuza kwa pauni milioni 8. Huyo ndiye mnayemwonea huruma.

"Alitua ndege Kenya"

Kisa hiki kina ukweli ndani yake, ndiyo maana uongo wake hauishi. Machi 2001 alikuwa likizo pwani ya Kenya na mke na watoto wake wawili. Wakapanda ndege ndogo kutoka Ukunda kwenda Nairobi. Wakiwa angani, rubani akazirai. Atkinson, ambaye hakuwa amewahi kurusha ndege, akashika usukani na kuizuia isiporomoke huku rubani akihangaikiwa ili azinduke. Akazinduka, na ni yeye aliyeitua uwanja wa Wilson. Simulizi za mitandaoni humwondoa rubani mwishoni ili shujaa abaki mmoja. Mimi naona kisa cha kweli kinatisha zaidi: mtu aliyekalia usukani, asiyejua atatuaje, familia yake nyuma, na tumaini lote liko kwa mgonjwa.

"Kafa", "kasilimu"

Ameshazushiwa kifo mara nyingi. Mwaka 2017 ulisambazwa uvumi kwamba amekufa katika ajali ya gari, ukiwa na nembo ya kituo cha habari cha Marekani na kiungo cha "video". Waliobofya walijikuta kwenye mtego wa matapeli. Hata zile picha zinazomwonyesha kadhoofu kitandani, mzee asiyejiweza, ni za kutengenezwa kwa kompyuta.

Habari ya kusilimu, ambayo huku pwani ilipokelewa kwa takbira katika makundi mengi, nayo haina ukweli. Hakuwahi kutangaza jambo hilo. Kwenye masuala ya dini, alichokifanya hadharani ni kupinga muswada wa sheria ya chuki za kidini katikati ya miaka ya 2000, akitetea haki ya mchekeshaji kutania imani yoyote.

Wakati anazikwa mitandaoni, yeye alikuwa kazini. Alikuwa amemwigiza Maigret, mpelelezi wa Paris asiyecheka hata kidogo, mwaka 2016 na 2017. Mwaka 2018 akarudi na filamu ya tatu ya Johnny English, jasusi mzembe, 2022 akapambana na nyuki ndani ya nyumba ya tajiri katika tamthilia ya Man vs. Bee, na 2023 akavaa joho la padri mpenda chokoleti katika filamu ya Wonka.