Mshale wa upinde wa kompaundi: yanayosemwa na ukweli wake

"Mshale wenye kasi ndio unaoua."

Imani hii imeenea kuliko zote, na chanzo chake ni matangazo ya dukani. Upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu juu na chini ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969, huuzwa kwa namba ya kasi. Kwa kawaida namba hiyo hupatikana kwa upinde wa pauni 70 (hiyo ni nguvu ya kuuvuta, si uzito wake) na mshale wa greni 350, yaani gramu 23 tu. Mnunuzi naye anaitamani namba ileile, anaishia kubeba mishale myepesi porini.

Tupige hesabu. Tuseme upinde wa pauni 70 unarusha mshale wa greni 400 kwa mita 88 kwa sekunde. Hapo mshale unabeba jouli 100 hivi. Upinde huohuo uupe mshale wa greni 600: kasi inashuka hadi mita 73, lakini nishati inafika jouli 104, kwa sababu mshale mzito huchukua nguvu ambayo ingepotelea kwenye mtikisiko na kelele. Na momenta, ile inayoufanya mshale uzidi kusonga ukishakutana na ubavu, inapanda kutoka 2.3 hadi 2.8. Ni karibu robo zaidi, bila kununua upinde mwingine.

Watakuambia kulungu atausikia mshale wa polepole na kuruka. Atausikia wowote ule. Kwa umbali wa mita 30, mlio wa ugwe, ile kamba ya upinde, unamfikia kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kuisha. Mshale mwepesi unahitaji sekunde 0.34, mzito 0.41; yote miwili imechelewa. Kitakachokusaidia ni upinde uliotulia, na mshale mzito huutuliza. Jambo moja nalikubali: mzito hushuka zaidi, kwa hiyo ukikosea kukadiria umbali utapiga chini. Pima kwa kifaa. Kama hujapima, usiachie.

"Wazee wetu waliangusha tembo kwa mshale wa kawaida."

Waliangusha kwa sumu. Wawaata, jamii ya wawindaji wa Tsavo nchini Kenya, walikuwa na pinde nzito ajabu, lakini muuaji alikuwa sumu ya mti wa msunguti iliyopakwa karibu na chembe, yaani ile ncha kali ya mbele ya mshale. Ikishaingia kwenye damu, moyo husimama. Mshale wao haukulazimika kutokea upande wa pili. Mwindaji wa leo wa Texas au wa Namibia hapaki kitu. Mshale wake unaua kwa kukata na kumwaga damu, na unapaswa kupita mapafu yote mawili. (Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo huko upinde ni wa shabaha tu.)

"Namba kubwa ya ugumu kwenye mshale, mshale mgumu."

Kinyume kabisa. Wano, yaani kijiti cha mshale, hulazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, kisha katikati huning'inizwa uzito wa pauni 1.94. Likinepa nusu inchi linaitwa 500. Likinepa inchi 0.3 linaitwa 300. Namba ni kipimo cha kunepa, kwa hiyo 300 ni gumu kuliko 500.

"Upinde wa pauni 70, chukua mshale ulioandikiwa pauni 70, basi."

Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na mishale ya 400 iliyokuwa ikienda vizuri na chembe ya greni 100. Niliposikia habari za uzito, nikang'oa zile chembe, nikaweka za greni 200. Muuzaji aliniambia ugumu haubadiliki, na kweli, juu ya nguzo mbili haubadiliki. Ila ugwe unapolisukuma wano kwa nyuma, chembe nzito huko mbele hukataa kuondoka, na wano linabonyea katikati. Nilisimama mita mbili kutoka kwenye karatasi iliyowambwa kwenye fremu, nikaachia. Badala ya tundu dogo lenye alama tatu za manyoya nikapata mpasuko wa kulala, urefu wa kidole. Mshale ulikuwa unapita ubavuubavu.

Kwa hiyo angalia mambo matatu pamoja: nguvu ya upinde, urefu wa mshale, uzito wa chembe. Mshale mrefu hunepa zaidi, mfupi hukakamaa. Mimi nilihamia 300, mpasuko ukafunga.

Na usidanganywe na shabaha ya uwanjani. Chembe ya mazoezi, ile ya duara, husamehe mengi kwa sababu manyoya huurudisha mshale kwenye mstari. Weka chembe ya kuwindia yenye mapanga mapana: yale mapanga hushika upepo kama usukani, na mshale laini unatoka nje ya kundi la mishale mingine kwa shubiri nzima. Mshale ukimfikia mnyama huku bado unanepanepa, nguvu yako inaishia kwenye kunepa huko.

"Ukitumia kifyatuo, kile kifaa cha kuachia ugwe badala ya vidole, ugumu hauna maana."

Kifyatuo hupunguza kunepa kwa kando kunakoletwa na vidole. Msukumo wa nyuma uko palepale.

"Basi kadiri unavyozidi uzito ndivyo bora."

Dkt. Ed Ashby, aliyejaribu mishale kwa wanyama wakubwa huko Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, aliweka greni 650 kuwa kizingiti cha kuvunja mifupa mizito. Hiyo ni ya nyati. Kwa kulungu wa Marekani mimi naona greni 450 hadi 550 zinatosha, mradi mshale uruke umenyooka. Upande wa chini, uzito wa mshale usishuke chini ya greni 5 kwa kila pauni ya upinde. Chini ya hapo ni karibu sawa na kuachia ugwe mtupu, na upinde unaweza kupasuka mikononi mwako.

"Mshale wa kaboni kama haujavunjika ni mzima."

Shika mshale ncha zote mbili, uukunje taratibu karibu na sikio, uuzungushe kidogo, uukunje tena. Ukisikia mlio kama wa tambi mbichi, hata kama jicho halioni ufa, uvunje palepale ili mtu mwingine asije akauweka kwenye podo.