Kengele ya msemo huu ni ya ndondi, si ya kaburini

Kuna ujumbe unaozungukazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Lamu: eti Waingereza wa miaka ya 1500 walimfunga maiti uzi wa kengele kidoleni, akizinduka avute, na ndiko ulikotoka msemo wa Kiingereza "saved by the bell" (kuokolewa na kengele). Si kweli. Msemo umetoka kwenye ndondi, mwishoni mwa karne ya 19: bondia yuko chini, refa anahesabu, kengele ya kumaliza raundi inalia kabla ya kumi. Kapona, angalau kwa dakika moja ya mapumziko.

Majeneza yenye kengele yalibuniwa kweli, katika karne ya 19, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Fungua kamusi ya kihistoria ya Kiingereza, utazame mfano wa kwanza wa msemo huo na mwaka wake. Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.