Umeme wa msingi ni nini? Tuangalie kituo cha makaa ya mawe cha Hwange

Umeme wa msingi ni ule unaotakiwa kuwepo saa zote, usiku na mchana, kabla hata watu hawajarudi nyumbani jioni kuwasha majiko. Zimbabwe kazi hiyo inafanywa sana na Hwange, kaskazini magharibi mwa nchi.

Watu wanadhani makaa ndo yanatoa umeme, kumbe yanachemsha maji tu. Yanachimbwa jirani kabisa na kituo, yanakuja kwa mkanda, yanasagwa mpaka yanakuwa laini kama unga, yanapulizwa ndani ya boila, yaani tanuru kubwa la kuchemshia maji, yanawaka, maji kwenye mabomba yanageuka mvuke wa presha kubwa, mvuke unazungusha tabaini (gurudumu lenye mapanga) na tabaini inazungusha jenereta, basi. Maji yenyewe yanavutwa toka mto Zambezi. Na lile wingu jeupe juu ya minara minene sio moshi jamani, ni mvuke wa maji ya kupoozea, moshi unapitia bomba refu jembamba na huo ndo wenye madhara.

Sasa boila likipoa kuliwasha upya ni masaa mengi, ndo maana haliguswi, linaachwa lichape kazi mfululizo. Bwawa ni tofauti, unafungua maji dakika chache umeme upo, kwa hiyo linafaa kubeba ile jioni yenye matumizi makubwa. Shida bwawa la Kariba linategemea mvua na maji yake wanagawana na Zambia. Mwishoni mwa 2022 maji yalishuka mno Zimbabwe ikatakiwa isimamishe uzalishaji pale, na mitambo ya Hwange ya miaka ya 80 ishachoka, mgao ukawa balaa. 2023 ikawashwa mitambo miwili mipya, namba 7 na 8, ya megawati 300 kila mmoja, kwa mkopo wa China. Ile mitambo sita ya zamani yote kwa pamoja ni megawati 920 kwenye karatasi, uhalisia ni kidogo sana.

Kununua nje kupo, gridi za kusini mwa Afrika zimeungana, ila Afrika Kusini nayo inaendeshwa na makaa hayohayo na 2023 ilikuwa na mgao wake. 2024 ukame ukarudi, Kariba ikabanwa tena, umeme mwingi wa nchi ukatoka Hwange. Mi naona hapo ndo hatari ilipo, maana bomba moja la boila likitoboka megawati 300 zinatoka kwenye gridi kwa mpigo, na mafundi hawawezi kuingia mpaka lipoe.