Mitihani ya Chuo: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Aliyesoma kitini mara nyingi zaidi ndiye aliyejiandaa vizuri zaidi.

Ukweli: Dhana hii huwaangusha wanafunzi wenye bidii ya kweli, na ndiyo maana inasikitisha. Ukurasa uliorudiwa mara kadhaa huonekana mwepesi, na msomaji huamini kwamba ameuelewa, ilhali alichozoea ni sura ya maandishi tu. Katika chumba cha mtihani atatakiwa ayatoe kichwani yale aliyosoma, bila kitini. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kisayansi. Waliotumia vipindi vyote vinne kusoma waliongoza baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 hivi, huku waliosoma kipindi kimoja na kutumia vitatu kuandika walichokumbuka wakifikia asilimia 61. Kwa hiyo funga kitini, chukua swali la miaka iliyopita, kwa mfano linalotaka utofautishe gharama zinazobadilika na zisizobadilika, uandike jibu kamili kwa kalamu huku ukiangalia saa, kisha ndipo ukifungue uone ulichoacha. Hicho ulichoacha ndicho cha kusoma jioni hiyo.

Dhana: Usiku wa kuamkia mtihani ni wa kukesha.

Ukweli: Usingizi ndio wakati ubongo unapoimarisha yaliyosomwa mchana. Anayekesha huongeza kurasa chache na kupoteza umakini wa kusoma maswali asubuhi.

Dhana: Katika maswali ya kuchagua, jibu la kwanza lisiguswe.

Ukweli: Mwaka 2005, Justin Kruger na wenzake walichunguza alama za kufutwa katika karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa saikolojia, wakaona kwamba asilimia 51 ya mabadiliko yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi, na asilimia 25 tu yaliharibu jibu lililokuwa sahihi. Imani hiyo hudumu kwa sababu alama iliyopotea kwa kufuta jibu sahihi huuma na kukumbukwa kwa muda mrefu, lakini ile iliyookolewa husahaulika mara moja. Ukirudia swali ukagundua kwamba uliruka neno “isipokuwa”, au ukakumbuka kanuni uliyoisahau, badilisha jibu bila kusita. Kama huna sababu yoyote ila hofu ya dakika za mwisho, liache.