Mafuta ya samaki na dawa ya presha: vinapatana?

Swali hili haliishi dirishani: "Dokta, natumia amlodipini, na mwanangu kaniletea hivi vidonge vya mafuta ya samaki. Nimeze vyote?" (Mimi ni mfamasia, ila kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta. Nimeshazoea.)

Meza tu, mama. Havigombani.

Amlodipini inafanya kazi kwenye misuli iliyomo ndani ya kuta za mishipa ya damu. Misuli hiyo hukaza kalsiamu inapoingia kwenye seli zake. Dawa inaziba milango ya kalsiamu, misuli inalegea, mshipa unatanuka, presha inashuka. Omega-3, yaani EPA na DHA, aina za mafuta zinazofanya kazi ndani ya vidonge vya mafuta ya samaki, zinapita kwingine: zinausaidia utando wa ndani wa mshipa kutoa nitriki oksaidi, gesi inayoilegeza misuli ile ile. Kwa hiyo nguvu zao zinajumlishana.

Ila mchango wa mafuta ni mdogo. Gramu 2 hadi 3 za omega-3 kwa siku hushusha namba ya juu ya presha kwa 2 au 3 hivi. Kidonge kimoja cha amlodipini kwa kawaida hushusha 8 hadi 10. Halafu geuza hiyo chupa. Mbele wameandika 1000 kwa tarakimu kubwa. Hizo ni miligramu za mafuta yote. Nyuma, kwa maandishi madogo madogo, mara nyingi utakuta EPA 180 na DHA 120. Jumla 300. Ili ufikishe gramu 2 ungemeza vidonge saba kila siku, na bei yake unaijua.

Ndiyo maana anayemeza vyote viwili hanitishi. Ananitisha yule anayeacha amlodipini kwa kuwa mafuta ni "ya asili". Presha haiumi, hivyo anajiona mzima kabisa huku namba zinapanda.

Wapo wachache ninaowaambia wamwone daktari kwanza. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana omega-3 nyingi huweza kuchelewesha damu kuganda. Na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kwani tafiti za gramu 4 kwa siku zilionyesha tatizo hilo likiongezeka.

Na samaki mwenyewe? Dagaa, vibua na jodari wana omega-3, kula. Ng'onda na papa wa chumvi ni habari nyingine. Chumvi inazuia maji mwilini, damu inaongezeka ujazo, presha inapanda, kisha mtu anakuja kulalamika kwamba mwili "umeizoea" dawa. Wala haujaizoea. Kama ng'onda humwachi, mloweke usiku kucha, mwaga yale maji, na ukimpika usiongeze chumvi hata punje.