Ukuta wa chupa, tofali la udongo na majivu ya mpunga: hesabu inayosahaulika

Anayetaka kujenga kwa chupa za plastiki huuliza kwanza zinahitajika chupa ngapi. Mimi humrudisha kwenye mota, yaani mchanganyiko unaounganisha chupa, kwa sababu ndiyo inayojaza zaidi ya nusu ya ukuta huo, na ndiyo inayoamua kama nyumba imeokoa kitu au imehamisha gharama tu.

Chukua chupa za nusu lita, zile za maji na soda zinazoziba mitaro ya Kampala kila mvua ikinyesha. Zikilazwa kitako nje na shingo ndani, ukuta unapata unene wa sentimita 22 hivi, na mita moja ya mraba inameza chupa kama 160. Chupa zote hizo zina ujazo wa karibu lita 90. Ukuta wenyewe, kwa mita hiyo moja, ni lita 220. Lita 130 zilizobaki ni mota. Ukiifanya ya saruji na mchanga, moja kwa sita, umekula zaidi ya kilo 30 za saruji kabla hujapiga lipu. Mita hiyohiyo ikijengwa kwa matofali ya kufungamana (yanayoshikana kwa umbo lake) ya udongo na saruji inakula kama kilo 20. Kwa hiyo ukuta wa chupa ulioungwa kwa saruji umeondoa taka, lakini umeongeza saruji. Baada ya jaa la taka za Kampala lililoko Kiteezi kuporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu, naelewa vizuri hamu ya kuzipatia chupa kazi. Ila ziungwe kwa udongo.

Mota ya udongo ninayoiamini ni udongo wa mfinyanzi sehemu moja na mchanga sehemu mbili hadi tatu, kutegemea ufinyanzi wake, pamoja na nyasi kavu zilizokatwa vipande vya sentimita tano ili zizuie nyufa. Acha nafasi ya sentimita mbili kati ya chupa na chupa. Usipandishe zaidi ya sentimita 40 kwa siku: mota mbichi hukaa chini kwa uzito, chupa za juu zinateleza, na kesho yake ukuta una tumbo ambalo hakuna lipu ya kulificha.

Kujaza chupa ndiko kunakoharibiwa zaidi, kwa kuwa huachiwa watoto au vibarua wanaolipwa kwa idadi. Udongo uwe mkavu na umepita kwenye chekeche. Jaza robo, shindilia kwa kijiti, jaza robo nyingine, mpaka kifuniko kifunge juu ya udongo uliobana. Chupa ya nusu lita iliyojaa sawasawa ina uzito wa gramu 800 hadi 900. Weka mizani pale pale na uikatae iliyopungua. Ukijaza udongo wenye maji, utakauka na kusinyaa ndani, na chupa italegea mahali ambapo jicho halioni. Mabaki ya chakula au majani yakiingia, yataoza na kutoa gesi.

Kuna wanaojaza kavera, yaani mifuko ya plastiki, badala ya udongo. Chupa kama hiyo, hata ikishindiliwa hadi gramu 170, ni nyepesi na inawaka moto. Itumie kutengenezea viti au ukingo wa bustani. Kwenye ukuta wa chumba cha kulala siiweki.

Chupa zisibebe paa. Weka nguzo za zege na nondo kwenye pembe na kila mita tatu, kisha mkanda wa zege juu unaozishika zote. Kwa walio Fort Portal, Kasese na Bundibugyo hili halina mjadala, kwani eneo hilo lina historia ya matetemeko makubwa, likiwemo la Februari 1994. Shingo za chupa zifungwe kwa kamba ya nailoni, mlalo na mshazari, hadi upatikane wavu. Wavu huo una kazi ya pili: lipu haishiki kwenye plastiki laini, lakini inashika kwenye kamba. Upande wa vitako tumia waya wa kuku. Najua vitako vilivyoachwa wazi vinapendeza kwenye picha, lakini jua huivunja plastiki ya chupa polepole hadi inakuwa kama ganda la yai. Funika pande zote mbili.

Sasa tofali la kufungamana lenyewe. Mashine ya mkono ya Makiga, inayotengenezwa Nairobi, imesambaa Uganda kiasi kwamba kukodi si shida. Tofali lake la kawaida lina sentimita 26.5 kwa 14 kwa 10, kwa hiyo mita ya mraba inachukua karibu 38. Halihitaji tanuri wala kuni, na linapangwa kwa mota kidogo sana, ilhali tofali la kuchoma lililopinda linadai mota ya sentimita mbili au tatu kila mstari. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Dakta Moses Musaazi alibuni tofali la aina hii lenye umbo la tao kwa ajili ya matangi ya maji ya mvua.

Ondoa kwanza tabaka la juu lenye mizizi, kwa kawaida sentimita 30 hadi 50. Moramu nyekundu ya chini yake, udongo wenye changarawe, mara nyingi inafaa. Udongo mweusi wa Karamoja unaovimba kwa maji na kupasuka kiangazi haufai, na wa kinamasi cha mafunjo pia haufai. Pima kwa kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta ndani, jaza udongo uliolainishwa hadi uwe rojo zito, uache ukauke kabisa kivulini kwa wiki moja. Usukume upande mmoja, upime pengo. Chini ya milimita 15, saruji moja kwa udongo 18; 15 hadi 30, moja kwa 16; 30 hadi 45, moja kwa 14; 45 hadi 60, moja kwa 12. Likizidi hapo, ongeza mchanga na upime upya, kwa sababu saruji haitibu ufinyanzi uliopindukia.

Kwa moja kwa 16, mfuko wa kilo 50 hutoa matofali karibu 90. Changanya nusu mfuko kwa wakati mmoja, maana mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa moja umeanza kushika na hautashika tena ndani ya tofali. Maji: finyanga donge, liachie kutoka urefu wa mita moja. Likitawanyika kama unga, ni kavu mno; likibaki kipande kimoja, limelowa mno; vipande vinne hadi sita ndivyo unavyovitaka.

Kasoro ninayoikuta mara nyingi kwenye matofali haya ni kuanikwa juani. Yanaonekana makavu na mazuri siku ya tatu, halafu ukucha unayakwangua. Yakae kivulini chini ya turubai, yamwagiliwe siku saba, yasijengewe kabla ya siku 28. Nyumbani yalindwe na msingi wa mawe unaopanda sentimita 30 juu ya ardhi na bati linalotokeza angalau sentimita 60.

Majivu yanaweza kupunguza saruji zaidi. Maganda ya mpunga yapo tele Butaleja na Bugiri, na makapi ya miwa yanachomwa kwenye viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi. Ila si kila jivu linafaa. Maganda yakichomwa kwa moto unaozidi nyuzi 700 kwa muda mrefu, silika yake, yaani madini yanayoshikana na chokaa, hubadilika na haishikani nayo tena. Yakiungua nusunusu, jivu linabaki jeusi kwa kaboni. Lisage liwe laini kama saruji, changanya sehemu mbili na chokaa sehemu moja na maji kidogo, finyanga vipande vidogo, vifunge ndani ya kavera vikiwa na unyevu kwa wiki mbili, kisha vizamishe ndani ya maji. Vikiyeyuka, jivu hilo ni la kumwaga shambani. Vikibaki vigumu, anza kwa kuondoa sehemu moja ya kumi ya saruji na kuweka jivu badala yake, na umwagilie matofali siku 14 badala ya saba, kwa kuwa jivu huchelewa kushika.